Mlango Nauchukua Mimi

Tulipotoka Khulo saa kumi na mbili alfajiri
mvua ilikwisha kuamka kabla yetu,
imekaa barabarani kama mwenye nyumba.
Badri akafunga mifuko ya mkate miguuni,
juu ya soksi, ndani ya viatu,
akasema, "Leo tutafika."
Neno lake la kwanza tangu juzi,
tangu nilipomwambia nyumba ya mama haiuzwi.

Lami ikaisha bila kuaga.
Baada yake kokoto, baada ya kokoto tope,
tope zito kama uji uliosahauliwa jikoni,
likala breki, likala mnyororo,
gia ikawa inasaga meno
kama mtoto mwenye minyoo.
Nilihesabu kona hadi thelathini na moja,
hesabu ikanipotea pale lori la magogo
liliponivika koti la pili, la matope.
Dereva akapiga honi.
Pole au kicheko, sijui.

Kupanda mlima kwenye mvua hakuna ushujaa.
Ni pua inayochuruzika. Ni tako linalouma.
Ni maji yanayoingia shingoni yakatokea viatuni
kana kwamba wewe ni mfereji
na mlima umekukodi.
Mbele yangu mgongo wa Badri.
Mgongo ule naujua: ulinivusha mto
siku nilipokatwa na chupa,
mama akitufokea sote wawili.
Leo sikuweza kuusemesha.

Chini kidogo ya Beshumi tairi la nyuma likakata roho.
Badri akageuza, akashuka hadi nilipo.
Akavua koti lake, akalitandaza juu yangu
nikiwa nimepiga magoti, nasugua mpira,
napuliza gundi isiyotaka kukauka.
Kiraka cha kwanza kikabanduka.
Cha pili nacho.
Cha tatu tulikibana pamoja,
kidole gumba changu juu ya chake,
tukahesabu mpaka mia kwa sauti moja
kama wanaocheza kombolela.
Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

"Nani anawafukuza?"
Mwanamke kavaa ndoo kichwani badala ya mwavuli.
"Hakuna, mama."
"Basi ingieni. Asiyefukuzwa hana haki ya kulowa hivi."

Nazibrola. Jiko la kuni,
soksi zetu zikaning'inia pamoja na vitunguu,
jibini ikielea ndani ya siagi, mkate wa mahindi,
chai nyeusi inayochoma mpaka kisogoni.
Akasema nyumba ile ya mbao
waliirithi ndugu wanne, wakaigawana.
"Mmoja alichukua mlango."
Tukadhani anatania.
Akanyoosha kidole: fremu ya kale, nyeusi kwa moshi,
na mlango mpya, mweupe, usioenea,
upepo ukipenya chini yake kama paka.
"Miaka kumi na tisa. Hatujui ameufunga wapi."
Badri alicheka mpaka akamwaga chai.

Kileleni hapakuwa na kitu.
Mbwa aliyelowa, kibao kilicholiwa na kutu,
elfu mbili na ishirini na tano,
na ukungu. Siku nzima tumepanda
kuja kutazama ndani ya pamba.
Tukampa mbwa ganda la mkate.

Kupanda ni kukopa. Riba hulipwa wakati wa kushuka.
Vidole vilisahau ni vya nani,
breki zililia kila kona hadi zikakauka sauti,
nikashuka nimeuma meno,
jicho kwenye ile taa nyekundu ya Badri
inayozimika, inayowaka,
inayozimika kidogo zaidi ya ninavyopenda,
inayowaka.

Adigeni, jioni. Mvua bado.
Tumesimama chini ya kibaraza cha duka lililofungwa,
nakamua glavu, maji yanatoka meusi.
Badri anaitazama barabara kana kwamba inamdai.
"Mlango," anasema, "nauchukua mimi."

Simjibu. Nakamua glavu ya pili.
Kesho kuna Zekari,
na Zekari, wanasema, ndiko kwenye tope hasa.